Mlenda Ule ni wa Nani?

Safari hii naomba uniruhusu nisizungumzie siasa wala bei ya sukari. Nataka kuzungumzia bustani yangu. Najua wapo watakaosema kuwa mzee amestaafu, ameishiwa maneno, na sasa ameanza kuandika habari za mboga. Wavumilie kidogo. Katika bustani hiyo, mwezi wa pili, lilinifika jambo dogo ambalo mpaka leo sijalimaliza moyoni, na nadhani halinihusu mimi peke yangu.

Mimi ni mkazi wa Singida mjini, upande wa Mandewa. Nilizaliwa mkoa huu, lakini miaka yangu ya kazi karibu yote niliimalizia Dar es Salaam. Nilipostaafu nikarudi na mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga, tukajenga kwenye kiwanja nilichokuwa nimekinunua miaka mingi nyuma na kukiacha kikiota majani. Kwanza nikajenga nyumba. Kisha, kama ilivyo ada yetu sisi tuliokaa Dar, nikajenga ukuta wa tofali za kuchoma na kuweka geti la chuma. Bustani ikafuata mwisho.

Ambaye hajawahi kuishi huku huenda asielewe bustani maana yake nini kwa mtu wa Singida. Wenzetu wa nchi za baridi kiangazi chao ndio wakati wa maua. Kwetu kiangazi ni vumbi na upepo. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na baada ya hapo mtu hana tena cha kutazamia angani mpaka mwisho wa mwaka. Tena ajabu ya mji wetu ni kwamba tumezungukwa na maji. Ziwa Singidani liko pale, Ziwa Kindai liko pale, heroe wanakuja kutembea humo na wageni wanapiga picha. Lakini maji yake ni ya chumvi. Ukimwagilia mchicha kwa maji yale umeuua. Kwa hiyo miezi ile michache ya mvua ndiyo kila kitu, na mtu mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hukitazama kama mtoto mchanga.

Na kwa kweli mwezi wa pili bustani yangu ilikuwa ya kutazamwa. Alizeti nilizipanda kuuzunguka ukuta, na zilikuwa zimefungua vichwa vyote. Alizeti changa hulifuata jua kutwa nzima, lakini zikishakomaa hutulia zikielekea mashariki. Mgeni wangu mmoja kutoka Dar aliziona zote zimeelekea upande mmoja akauliza kwa utani kama huko ndiko kibla. Nikamwambia hapana, sisi wa huku tunaswali kuelekea kaskazini, hizi zina imamu wao. Maboga yalikuwa yametambaa kila mahali, na maua yake makubwa ya njano hufunguka alfajiri na kufika mchana yamekwisha kujifunga, kwa hiyo asiyeamka mapema hayaoni. Bamia nazo zilikuwa zimechanua, lile ua lake la njano iliyopauka lenye doa jekundu jeusi katikati, ambalo ni zuri kuliko hata bamia yenyewe. Kunde, mchicha, nyanya, mpapai mmoja, mkomamanga mmoja wenye maua mekundu. Na karibu na dirisha la chumba chetu kuna asumini ambayo mke wangu aliileta kutoka Tanga ndani ya kopo la maziwa, ameipakata njia nzima ndani ya basi. Asumini ile hunyweshwa hata kiangazi, maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi bure. Kuna siku nilimuuliza kama hayo si israfu. Akaniuliza kama chai yangu ya tatu si israfu. Hapo mjadala ukaishia.

Hivyo nilivyovitaja ndivyo tulivyopanda. Lakini kati ya matuta na kandokando ya ukuta kulikuwa kumeota pia ambavyo hatukupanda: mchunga, mgagani, na zaidi ya vyote mlenda. Mlenda wa kuota wenyewe. Mvua ya pili ikinyesha tu, umekwisha tokeza. Mimi nimekuzwa kwa mlenda huo. Mama yangu, Allah amrehemu, aliuchuma msimu wa mvua, akauanika, akautwanga ukawa unga, akauweka kwenye kibuyu, na huo ndio uliotuvusha kiangazi kizima pamoja na ugali wa uwele. Kwa maelfu ya nyumba za mkoa huu na za Dodoma hiyo ndiyo mboga ya miezi ambayo hakuna mboga. Lakini nilipoajiri kijana wa kunisaidia bustanini nilimwonyesha mchicha na kunde, nikamwambia haya mengine yote ni magugu, palilia. Ndivyo nilivyosema. Magugu.

Asubuhi moja nilitoka kutazama maua ya maboga nikamkuta mama mmoja mtu mzima ameinama karibu na ukuta, kanga yake ameifunga kiunoni kama mfuko, anachuma. Kijana alikuwa ametoka kufuata samadi na kuliacha geti wazi. Mama yule nilikuwa namfahamu kwa sura. Anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu, mjane, tunasalimiana njiani.

"Shikamoo mama," nilisema, lakini shikamoo yenyewe ilitoka kama kofi.

"Marahaba mwanangu."

"Umeingiaje humu?"

"Geti lilikuwa wazi."

"Sasa geti likiwa wazi ndio mtu anaingia tu kwenye nyumba ya watu?"

Akasimama taratibu, mkono kiunoni. Hakuonyesha kuogopa, na nadhani hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Akanionyesha kwa kidole. "Mwanangu, mchicha wako ule pale, sijaugusa. Kunde zako zile pale. Nimechuma ambacho hukupanda."

Ndugu msomaji, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sikuitumia. Nilimwambia kuwa kilichomo ndani ya ukuta wangu ni changu, kiwe nimekipanda au sikukipanda, na kwamba akitaka mboga aje aombe kama watu wengine. Aliniangalia kidogo. Kisha akafungua fundo la kanga, akakung'uta majani yote chini, akaikunja kanga yake vizuri, akatoka. Hakusema neno. Kufikia adhuhuri yale majani yalikuwa yamesinyaa. Jioni kijana akayazoa pamoja na magugu mengine akaenda kuyatupa jalalani.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya ukali wangu tu. Kumkemea mtu mzima ni kosa, unaomba radhi, basi. Kilichonikosesha usingizi ni hoja yake. Nilijaribu kuijibu nikashindwa. Je, kitu ambacho sikukipanda, sikukinywesha, sikukitaka, na nilichokwisha amuru king'olewe na kutupwa, kinakuwaje changu pale tu mtu mwingine anapokihitaji?

Mtu atasema ni changu kwa sababu kimeota kwenye ardhi yangu. Haya, tuitazame hiyo ardhi. Hati niliyo nayo kabatini ni ya miaka 33. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema wazi kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ni mdhamini tu. Nilichopewa mimi ni haki ya kuikalia kwa muda, na muda wenyewe, kwa umri wangu, utanipita mimi kabla mimi sijaupita. Hiyo ni sheria ya nchi. Ukija kwenye Qur'an, katika Surat al-Waaqi'ah Allah (SW) anatuuliza sisi wakulima swali linalokata maneno, kwamba hiyo mbegu tunayoitia ardhini, ni sisi tunaoiotesha au ni Yeye? Na hapo ni mbegu tuliyoitia kwa mikono yetu. Mlenda hata mbegu sikutia.

Kisha yapo mambo ya bustani ambayo mwenye bustani anayaona kila siku bila kuyafikiri. Nyuki wanaofanya kazi kwenye alizeti zangu si wangu. Wanatoka kwenye mizinga ya jirani wa nyuma, wanachukua chamvi na utamu wa ua langu wakatengeneze asali yake, na katika kupita kwao ndipo alizeti yangu inapata punje. Hajawahi kunidai, wala sijawahi kumdai. Boga langu moja limepanda ukuta na kuzaa upande wa pili, na watoto wa huko wameshalipa jina. Mimi nilijenga ukuta nikadhani nimetenganisha changu na cha watu. Mvua, nyuki na maboga hawakupata taarifa.

Nilimwendea shehe mmoja wa hapa mjini ambaye namheshimu kwa elimu yake. Nikampa kisa bila kumtaja mama. Akaniambia suala hilo lina mjadala wa zamani. Ipo Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, majani ya malisho na moto. Wanachuoni wakahitilafiana kuhusu majani yaliyoota yenyewe ndani ya ardhi ya mtu. Wapo waliosema yanafuata ardhi, kwa hiyo ni ya mwenye ardhi. Wapo waliosema hayamilikiwi na yeyote mpaka yachumwe, ila tu mtu haruhusiwi kuingia katika milki ya mwenzake bila idhini. Nikafurahi kidogo, nikaona angalau nina nusu ya haki: suala la kuingia bila hodi. Surat an-Nuur imeliweka wazi, nyumba za watu haziingiwi mpaka wenyewe waridhie na watolewe salamu. Mke wangu hukaa bustanini kichwa wazi. Hilo si dogo.

Shehe akaniacha nifurahi, halafu akaniuliza: "Wewe ule mlenda ulikuwa unautaka?"

"Hapana."

"Ungekupunguzia nini?"

"Hakuna."

"Basi kilichokuudhi si mlenda." Akanikumbusha Surat al-Maa'un, sura fupi ambayo wengi wetu tunaisoma kila siku tukiwa na haraka. Wafasiri wametaja mifano ya hicho kinachozuiwa: chungu, shoka, ndoo, chumvi, vitu ambavyo jirani humwazima jirani na hakuna anayefilisika. Makemeo ya sura ile hayakuhusu mali nyingi. Yamehusu vitu vidogo.

Lazima nitende haki kwa upande wa pili pia, maana najua wasomaji wa gazeti hili wengi mnaishi Temeke, Magomeni, Tanga mjini, Mwanza. Mtaniambia: mzee, wewe uko Singida, huku kwetu ukiacha geti wazi saa moja tu, utakuta hata kamba ya kuanikia nguo imeondoka. Kweli. Nami sisemi kuta zivunjwe. Nimeishi Dar, nimeibiwa mara tatu, na mara ya tatu waliondoka mpaka na kandambili za msalani. Sina mapenzi na wezi. Lakini angalieni jambo hili. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (SAW) aliingia katika shamba la mitende la mwanamke wa Kiansari, akauliza aliyeipanda ni Muislamu au la, akajibiwa ni Muislamu. Akaeleza kuwa Muislamu anapopanda mti au kulima, kila anachokula humo mtu, mnyama au ndege kinakuwa sadaka kwake. Na katika mapokezi mengine ya Imamu Muslim, kutoka kwa Jabir (RA), kimetajwa hata kilichoibiwa. Mwizi dhambi yake inabaki palepale, lakini aliyepanda hesabu yake haipotei. Nimeisikia Hadithi hii katika mawaidha pengine mara hamsini, na kila mara nilimfikiria yule ndege. Sikuwahi kumfikiria mtu aliyeinama kwenye ukuta wangu asubuhi.

Hata hivyo, kwa kadiri nilivyofikiri, Hadithi hiyo haikunipa pa kujificha. Inazungumzia aliyepanda. Mimi katika mlenda sikupanda kitu. Kwa hiyo sadaka yenyewe ninaidai kwa kazi gani? Hapa ndipo nilipoanza kuona kuwa nilikuwa nimelikosea swali tangu mwanzo. Nilikuwa najiuliza kama nimpe au nisimpe, na nikisha amua kumpa, najiona karimu. Lakini mtu hawezi kuwa karimu kwa kisichokuwa chake. Qur'an inapowasifu wema, katika Surat adh-Dhaariyaat na Surat al-Ma'aarij, inasema kuwa katika mali zao imo haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Neno ni haki. Na huyo wa pili, miongoni mwa tafsiri zake, ni yule mwenye dhiki asiyeomba, mpaka watu wanadhani hana shida. Mimi nilimwambia aje aombe kama watu wengine. Nilimtaka awe yule wa kwanza ili mimi niwe mtoaji.

Na kama yupo anayewaza kuwa mama huyu ni nani katika dini, nimjibu: ni Mkristo, msalaba wake uko shingoni. Abdullah bin Amr (RA) alipochinja kondoo nyumbani kwake jambo la kwanza aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Mlango huo umeshafungwa.

Ijumaa, baada ya Swala, nikaenda kwake. Akanitolea kigoda. Uani kwake palikuwa pamefagiliwa vizuri, na juu ya mkeka mkuukuu kulikuwa na majani kidogo sana yanaanikwa, gao mbili tatu hivi. Nikamwomba radhi kwa maneno yangu, akasema yamekwisha. Nikaendelea, na hapo ndipo nilipoharibu tena. Nikasema, "Mama, ule mlenda nimekupa wote. Njoo uchume siku yoyote unayotaka."

Akacheka. Si kicheko kibaya. "Unanipa?"

"Ndiyo mama."

"Wewe ulipewa na nani?"

Nikakaa kimya. Akanieleza kuwa kile kiwanja wao wanawake wa mtaa ule wamechuma humo tangu kikiwa pori, kabla sijakinunua na miaka yote niliyokuwa Dar. Wanajua kona ipi mlenda ni laini na ipi una uchungu. Wanachuma ncha, hawang'oi, na mwisho wa msimu wanaacha mashina yaliyokomaa yadondoshe mbegu, ndiyo maana kila mwaka upo. Mimi na jembe la kijana wangu tulikuwa tumeshang'oa nusu. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba: "Mwanangu, sukari naomba. Unga naomba. Mlenda hauombwi. Nikianza kuomba na mlenda, nitakuwa nimebakiwa na nini?"

Siku hizi mlenda wa unga unauzwa sokoni, unapimwa kwa kopo, na nilitaka kumwambia nitamnunulia. Namshukuru Allah nilinyamaza. Nikasema tu kuwa geti litakuwa wazi asubuhi, na kwamba nyumbani kuna mwanamke, kwa hiyo hodi ni muhimu.

"Hodi nitabisha," akasema. "Hodi ni ya mlango. Hiyo ni yako."

Nikitembea kurudi nyumbani niliona kuwa yeye, ambaye hajasoma ikhtilafu za wanachuoni, alikuwa amefika walipofika baadhi yao: mlango ni wangu, kilichoota chenyewe si changu. Yapo maswali ambayo bado sina jibu lake. Je, akija mwingine nisiyemjua? Wakija kumi? Je, akija mfanyabiashara wa sokoni na gunia? Nadhani yule wa gunia ningemzuia, lakini sijui ningemwambia sababu gani isiyonirudi mimi mwenyewe. Na wale wenye shamba katika Surat al-Qalam, waliokwenda alfajiri wakinong'onezana ili masikini asiwaingilie, nao bila shaka walikuwa na sababu zao zilizosikika vizuri walipokuwa wanaambiana. Siku hizi nikisoma aya zile sisomi kwa haraka.

Geti tumekuwa tukilifungua kila siku baada ya Swala ya alfajiri. Wiki ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Mke wangu akaniambia ameambiwa kwamba mama huyo amekwenda Ikungi kwa binti yake aliyejifungua, na hatarudi mpaka mavuno. Huenda ni kweli.

Mlenda sasa umechanua, vimaua vidogo vya njano ambavyo usipoinama huvioni. Ukishachanua majani hukakamaa, hayafai tena kuchumwa. Mke wangu alijaribu kuupika uliokuwa bado laini, akautia nazi, na sisemi zaidi. Nimemwambia kijana ile kona ya ukuta asiiguse kwa jembe mpaka mashina yakauke na mbegu zidondoke. Ameniuliza kama na magugu mengine ayaache. Nikamwambia anionyeshe kwanza moja moja.